Maswali ya Wasomaji: Baiskeli Moja ya Kazini na ya Mashindano, Kiangazi na Masika

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: namna ya kuunda baiskeli ya barabara ambayo mtu ataiendesha kwenda kazini katika hali yoyote ya hewa, na ambayo mwishoni mwa wiki ataipeleka kwenye mashindano bila kuachwa na kundi kwa sababu ya chombo chenyewe. Tumechagua tano, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa jibu lake linawagusa na walioandika zile nyingine.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kikuyu na kufundisha shule ya sekondari huko Westlands, Nairobi. Nimechoshwa na foleni za matatu, na kwa kuwa nilikuwa nikishindana nilipokuwa chuoni, ninataka kuunda baiskeli moja ya barabara itakayonifikisha kazini siku tano za juma, mvua inyeshe isinyeshe, na Jumapili niingie nayo mashindano ya klabu. Fundi wa mtaani kwetu anasema haiwezekani, eti baiskeli ya mbio na ya kazini hazikai pamoja. Nianzie wapi, na fedha zangu chache nizielekeze kwenye kitu gani?
Mwalimu, Kikuyu

JIBU: Mwalimu, fundi wako ana hoja, maana fremu nyingi za mbio zimebanwa kiasi kwamba hazikubali tairi pana wala madigadi. Hata hivyo, anachokieleza ni kasoro ya fremu hizo na wala si kanuni ya baiskeli zote. Karibu kila kitu kwenye baiskeli unaweza kukibadilisha baadaye kadiri mshahara unavyoruhusu: magurudumu, gia, usukani, kiti. Kisichobadilika ni nafasi iliyoachwa kati ya tairi na fremu siku fremu ilipotengenezwa, na kwa hiyo hapo ndipo uangalifu wako na sehemu kubwa ya fedha zako ziende kwanza.

Tafuta fremu itakayopokea tairi la milimita 32 pamoja na madigadi, au la milimita 35 bila madigadi. Usiridhike na maneno ya muuzaji. Tia gurudumu lenye tairi unalokusudia kutumia, kisha pitisha alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6 kati ya tairi na fremu: kwanza nyuma ya krenki, pale mabomba mawili ya chini yanapokaribiana, halafu juu, chini ya kile kidaraja kinachounganisha mabomba ya nyuma, na mwisho chini ya kichwa cha foki. Ikipita kote bila kugusa, fremu inafaa. Ikikwama mahali pamoja, udongo mwekundu wa Kikuyu utakwama hapohapo katika wiki ya kwanza ya masika, na gurudumu litagoma kuzunguka. Angalia pia kama kuna matundu ya skrubu karibu na ekseli za mbele na nyuma, kwa ajili ya madigadi na keria, kwani fremu nyingi za kaboni za mashindano hazina matundu hayo, na vibano vya plastiki vinavyouzwa badala yake hulegea kwa mtikisiko wa barabara mbovu.

Kuhusu aina ya fremu, ningekushauri uchukue ya alumini yenye foki ya kaboni. Haishiki kutu kama chuma, haigharimu kama kaboni, na ikipata kovu kwa kuegeshwa kila siku kwenye vyuma vya shule haitakunyima usingizi. Fremu ya kaboni iliyotumika, ambayo hujui ilianguka mara ngapi, inaweza kuwa na ufa uliofichwa na rangi, na sidhani kama inafaa kwa mtu anayeitegemea kila asubuhi. Najua utaniuliza uzito. Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Baiskeli, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, na yako itakuwa na kilo 9 hivi ikivuliwa madigadi na keria. Chukua mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80: kila kilo inayoongezeka humchelewesha kwa sekunde 15 hivi kwenye mlima mkali wa dakika 20. Sekunde hizo ni nyingi kwa anayetafuta medali ya taifa, lakini katika mashindano ya klabu wengi huachwa kwa sababu nyingine kabisa, na tairi gumu lililojazwa upepo kupita kiasi juu ya lami yenye viraka ni mojawapo.

Breki ziwe za diski. UCI iliziruhusu rasmi katika mbio za barabarani tangu Julai 2018 baada ya ubishi mrefu, na si kwamba breki za rimu hazina nguvu, kwani Mslovenia Tadej Pogačar alishinda Tour de France ya mwaka 2020 akizitumia. Tatizo la breki za rimu ni mvua ya kila siku. Maji yenye mchanga huingia kati ya raba na rimu, raba zikaisaga alumini taratibu hadi ukaona uji mweusi ukichuruzika kwenye spoku, na rimu ikishaliwa hivyo hakuna dawa ila kufuma gurudumu upya. Kwenye breki za diski kinacholiwa ni pedi na sahani yake, vitu ambavyo hufunguliwa na kubadilishwa kwa dakika chache bila kugusa spoku. Zaidi ya hayo, breki za rimu za baiskeli za mbio hupita karibu mno na tairi, kwa hiyo zinarudisha tatizo lilelile la nafasi.

Ukiwa na fundi anayeaminika karibu, chagua breki za haidroliki, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya waya, ambazo hujirekebisha zenyewe pedi zinapopungua na hazisumbuliwi na matope yanayoingia kwenye nyaya. Usipokuwa naye, breki za diski za waya zitakutosha, kwani waya mpya hupatikana hata kwa fundi wa kijijini. Kwa hizo za haidroliki kuna jambo moja ambalo ni lazima ulijue kabla ya kununua. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, na nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, yaleyale ya breki za magari. Ya DOT utayapata katika duka lolote la vipuri vya magari, nayo yanapaswa kubadilishwa mara kwa mara, kila mwaka hivi, kwa sababu hunyonya unyevu. Lakini yakitiwa kwenye breki za mafuta ya madini, huharibu mipira ya ndani na breki nzima hutupwa. Nimeona mafundi stadi wa pikipiki wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Soma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha tangi dogo la mkononi kabla mtu yeyote hajashika bomba la sindano.

Sasa tuje kwenye magurudumu, kwa maana hapa ndipo baiskeli moja inapogeuka kuwa mbili. Jozi ya kwanza, ya kazini, iwe na spoku 32 kila gurudumu, matairi ya milimita 32 yenye tabaka la kuzuia miiba, na ikiwezekana habu ya mbele yenye dainamo. Dainamo ya aina hiyo hutoa wati 3 kwa volti 6, kiasi cha kuangaza barabara vizuri, wala hutahitaji kukumbuka kuchaji taa jioni ambayo kikao cha walimu kimechelewa kwisha na jua la Nairobi limeshazama. Jozi ya pili, ya mashindano, iwe nyepesi, na matairi laini ya milimita 28. Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu, tairi la 32 linataka upepo wa paundi 55 hadi 60 nyuma, na la 28 paundi 70 hadi 75, huku la mbele likipungua kidogo katika hali zote mbili. Barabara ikilowa, punguza paundi chache zaidi.

Kubadilisha magurudumu kuna mitego miwili ambayo wauzaji hawaitaji. Wa kwanza ni sahani za breki: habu za kampuni tofauti huziweka sahani hizo mahali panapotofautiana kwa sehemu ndogo ya milimita, ya kutosha kuifanya breki isugue kila unapotia jozi ya pili. Nunua habu za aina moja, au mwambie fundi aweke washa nyembamba sana chini ya sahani moja mpaka zilingane. Mtego wa pili ni mnyororo. Kaseti ya gia za nyuma na mnyororo wake huchakaa pamoja, na ya kazini huchakaa haraka kwa sababu ya matope. Ukiuhamishia mnyororo mkongwe kwenye kaseti mpya ya mashindano, utaila kaseti hiyo kabla ya wakati wake; na ukiweka mnyororo mpya, huo nao utaruka kwenye meno yaliyochakaa ya jozi ya kazini siku ya Jumatatu. Kila kaseti iwe na mnyororo wake, wenye kiungo kinachofunguka, ukizingatia kwamba baadhi ya watengenezaji husema kiungo cha mnyororo wa gia 11 au 12 za nyuma kifungwe mara moja tu na kisha kitupwe. Asiyetaka usumbufu huo anaweza kuihamisha kaseti ileile kutoka jozi moja hadi nyingine, kazi ambayo kwa spana zake mbili haizidi dakika chache.

Gia za mbele za meno 50 na 34, pamoja na kaseti ya 11 hadi 34, zitakutosheleza kwa kazi zote mbili. Katika gia nyepesi kabisa, ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, utakuwa unapanda kwa kilomita 10 kwa saa, mwendo unaofaa kwa mtu anayerudi Kikuyu jioni akiwa na madaftari ya wanafunzi kwenye keria. Katika gia nzito, mizunguko 90 kwa dakika itakupa zaidi ya kilomita 52 kwa saa, na sijui ni mashindano gani ya klabu yatakayokudai zaidi ya hapo kwenye tambarare.

Madigadi ziwe ndefu. Ya mbele ishuke mpaka karibu na ardhi na iwe na ulimi wa mpira mwishoni, kwani maji yanayorushwa na gurudumu la mbele ndiyo yanayoua beringi za krenki na kulowesha viatu. Zile fupi zinazobanwa chini ya kiti hulinda suruali na kuacha kila kitu kingine kioge. Siku ya mashindano zivue pamoja na keria, kisha rudisha skrubu zenye grisi kwenye matundu yake ili yasijae matope wala kutu. Urefu wa kiti na umbali wa usukani usivibadilishe kabisa kati ya Ijumaa na Jumapili, maana mwili uliozoea kukaa namna moja wiki nzima hauwezi kudaiwa kasi katika mkao mwingine.

Na kwa kuwa uko Kikuyu, huna haja ya kujifunza peke yako. Hapo ndipo mwendesha baiskeli wa Kenya David Kinjah alipojenga kundi lake la Safari Simbaz, na ndipo Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alipojifunzia mbio za baiskeli akiwa kijana.

SWALI: Nimenunua baiskeli ya zamani ya mtumba, ya chuma, yenye gia kumi na usukani uliopinda chini. Ubavuni mwa tairi pameandikwa 27 x 1¼. Tairi la nyuma limechanika, na muuzaji mmoja akaniuzia tairi la 28 la Phoenix akisema linakaribiana, lakini halikai. Je, baiskeli hii inaweza kutengenezwa iwe ya kazini na ya mazoezi ya mbio, au nimetupa fedha?
Msomaji, Moshi

JIBU: Hukutupa fedha, ndugu yangu. Fremu za aina hiyo mara nyingi zina nafasi kubwa kwa tairi na matundu ya madigadi ambayo fremu nyingi za mbio za leo hazina. Ulichokumbana nacho ni utata wa vipimo, ambao umewatesa wengi.

Achana na inchi, tazama namba mbili zenye kistari kati yake ubavuni mwa tairi. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tairi lako la inchi 27 lina namba 32-630. Lile la Phoenix, na baiskeli nyingine kubwa za kubebea mizigo, lina 635 mwishoni, na ndiyo maana lilipwaya. Matairi ya kisasa ya mbio, yanayoandikwa 700C, yana 622. Kuna watengenezaji wa Ulaya wanaoyaita hata hayo ya 622 matairi ya inchi 28, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuomba tairi la 28 dukani na kila mmoja akahitaji kitu tofauti na mwenzake. Namba ya pili isipolingana kabisa, usinunue. Katika rimu hakuna kukaribiana.

Matairi ya 630 yanazidi kuadimika, kwa hiyo nakushauri uhamie magurudumu ya 622. Rimu itapungua kipenyo kwa milimita 8, maana yake raba za breki zitashuka milimita 4 tu, na kwenye breki nyingi za zamani zile nyufa ndefu za kurekebishia zinaruhusu hivyo. Hizo milimita 4 zinaongezeka kwenye nafasi ya tairi na madigadi, faida ambayo hukuiomba. Kama rimu zako za sasa ni za chuma zinazong'aa, ubadilishaji huu hauna mjadala hata kidogo, kwa sababu rimu ya chuma ikilowa karibu haishikiki, na kuteremka kutoka Marangu wakati wa mvua ukiwa nazo ni kujitafutia ajali. Rimu ziwe za alumini.

Kikwazo kilichobaki ni upana wa nyuma. Fremu yako huenda ikawa na milimita 120 au 126 mahali ekseli inapokaa, na habu za mbio za breki za rimu zina 130. Chuma kinakubali kupanuliwa, lakini kazi hii aifanye fundi mwenye subira, akivuta kila upande kwa kiasi sawa. Akimaliza, mwambie afunge uzi kwenye kikalio cha ekseli upande wa kushoto, auzungushe mbele ya bomba la usukani, aurudishe na kuufunga kikalio cha kulia, kisha apime umbali kutoka kila upande wa uzi hadi bomba la fremu linalobeba kiti. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Kisha atazame kama jino linaloshikilia kifaa cha kuhamisha mnyororo bado limesimama wima. Fremu ya alumini au ya kaboni haipanuliwi namna hii kamwe. Itapasuka, kama si siku hiyo basi baadaye.

Kabla ya kufungua vikombe vya krenki, pima upana wa bomba lake. Likiwa na milimita 68, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni la nyuzi za skrubu za mtindo wa Kiingereza, na kikombe cha kulia hufunguka kwa kuzungushwa kuelekea saa inakokwenda, kinyume cha mazoea. Likiwa na milimita 70 huenda ni la Kiitaliano, na vikombe vyote viwili hufunguka kwa njia ya kawaida. Wengi wameharibu nyuzi kwa kulazimisha upande usiofaa kwa bomba refu na nguvu za vijana wawili.

SWALI: Mimi ni mfanyakazi wa bandarini, na baiskeli yangu ya alumini hulala karibu na bahari. Mnyororo hupata kutu usiku mmoja, na sasa bomba la kiti limegoma kutoka. Nifanyeje ili idumu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Mvua ya bara huchafua baiskeli, lakini chumvi ya pwani huila hata ikiwa imeegeshwa. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye chumvi na unyevu, moja huliwa kwa sababu ya nyingine, na bomba la kiti ni mfano mzuri: alumini ndani ya chuma, au kaboni ndani ya alumini, hushikana mpaka ikalazimu kukata kwa msumeno. Lako lipulizie mafuta ya kulegeza kutu, uigeuze fremu juu chini ili yashuke yenyewe, uyaache siku mbili tatu, kisha ujaribu kulizungusha badala ya kulivuta. Likitoka, lipake grisi nyingi, na tangu hapo litoe na kulipaka upya kila mwezi. Bomba la kaboni halitaki grisi ya kawaida bali lile dawa maalumu lenye chembechembe, kwa sababu grisi hulifanya liteleze, na mtu akalikaza mno hadi likapasuka.

Utakapofuma magurudumu mapya, taka spoku za chuma cha pua na nati za shaba nyeupe au njano, hata kama za alumini ni nyepesi zaidi. Nati ya alumini hushikana na spoku kwa chumvi, na siku gurudumu likipinda, fundi ataivunja anapojaribu kuinyoosha. Kila skrubu ipate grisi kabla ya kukazwa.

Kuna sehemu moja ambayo sijaona mtu wa pwani akiikagua mwenyewe bila kuambiwa, nayo ni usukani chini ya utepe wake. Jasho na chumvi hujikusanya hapo, unga mweupe huota juu ya alumini, na bomba hupungua unene mahali usipopaona, hasa pale shikizo za breki zinapobanwa. Usukani hukatika ghafla, na hukatika pale mtu anapouvuta kwa nguvu zote, yaani kwenye mbio za mwisho kuelekea mstari wa kumalizia. Fungua utepe walau mara moja kwa mwaka; ukikuta vishimo vinavyoshika ukucha, nunua usukani mwingine siku hiyohiyo.

SWALI: Baada ya kutazama mashindano ya dunia yaliyofanyika hapa kwetu, nimeshawishika kujiunga na klabu. Baiskeli yangu ni ya kazini, ina matairi ya 32 na breki za diski. Je, nitakataliwa kwenye mstari wa kuanzia?
Msomaji, Kigali

JIBU: Kwa matairi na breki hutakataliwa. Mashindano ya dunia ya barabarani ya Septemba 2025 mjini Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika, yalipita kwenye mlima wa mawe wa Kimihurura, na mtu anayepita hapo kila siku anajua thamani ya tairi pana kuliko wauzaji wengi. Matairi ya milimita 28 na zaidi yamekuwa kawaida katika mbio kubwa, na ya 32 yenye mpira laini hayatakuabisha.

Kitakachokuzuia ni vitu vidogo. Vua madigadi, keria, kengele inayochomoza na taa zisizo za lazima. Ncha mbili za usukani lazima ziwe zimezibwa, kwa sababu bomba lililo wazi humkata nyama anayeangukiwa nalo. Vile vishikio virefu vya mbele vya kulazia viwiko, ambavyo baadhi ya watu huvipenda kwa safari ndefu, haviruhusiwi katika mbio za kundi. Wapigie waandaaji mapema uulize kanuni zao, kwani mashindano madogo huongeza masharti yao wenyewe.

SWALI: Kila Jumamosi hupeleka baiskeli yangu panapooshwa magari, ikapigwa maji ya mashine, kisha mnyororo naupaka oili chafu ya injini. Inang'aa, lakini beringi na minyororo haidumu. Kosa liko wapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Liko kwenye mashine na kwenye oili, ndugu. Maji yenye msukumo mkubwa hupenya mipira ya habu na ya krenki, huisukuma grisi nje na kubaki ndani, na baiskeli inayoonekana safi huwa imelowa tumboni. Tumia ndoo, sabuni ya kawaida na brashi laini, na maji ya mpira yasiyo na nguvu. Baada ya safari ya mvua kubwa, chomoa bomba la kiti na uigeuze fremu maji yatoke. Nyingine zina tundu dogo chini ya krenki kwa kazi hiyo, nalo huzibwa na matope.

Oili chafu ya injini ni nzito na imejaa masizi na chembe za chuma, kwa hiyo hukusanya mchanga na kuusaga mnyororo kutoka ndani. Mafuta ya taa yanafaa kuosha mnyororo, ila uwe umeuvua na kuutia kwenye kopo mbali na baiskeli, kwani tone moja likirukia pedi za breki za diski, pedi hizo zitapiga kelele na kupoteza nguvu. Ukishakauka, tia tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume dakika moja, kisha ufute kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Mafuta yanayofanya kazi ni yale yaliyobaki ndani ya kiungo.

Kupima uchakavu wa mnyororo hakuhitaji kifaa cha bei kubwa. Chukua rula yenye inchi 12, uvute mnyororo unyooke, na uweke mwanzo wa rula katikati ya pini moja. Mnyororo mpya utakuwa na pini nyingine hasa kwenye inchi 12. Ikiwa imepita alama hiyo kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, mnyororo wa gia 11 au 12 ubadilishwe mara moja; wa gia 10 au chini ya hapo unaweza kuvumilia mpaka milimita mbili na kidogo. Ukingoja zaidi, utalazimika kununua na kaseti.